Sauti ya Kitanda cha Tisa

Kitanda cha tisa kilikuwa kitupu tangu Jumatatu, lakini saa saba mchana sauti ilitoka huko: "Nesi, maji."

"Abee!" akaitika Furera, akakimbia na kikombe. Hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa limelowa, linanuka udongo wa kaburini.

Furera alikuwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili katika hospitali ya Katsina, kaskazini mwa Nigeria, msichana asiyejua kusema hapana. Wodi nzima ya akina mama waliachiwa yeye na mwanafunzi mwenzake Ladidi, na Ladidi alikuwa mvivu wa kutupwa. Kwao mtoto huonywa mapema: ukiitwa wakati wa jua la utosi, saa ya majini, mwone kwanza anayekuita, ndipo uitike. Lakini wodini, nani ana nafasi hiyo?

Wiki mbili akaitwa, akaitika. Nywele zikamtoka, akawa analia huku akivaa sare.

"Punguza kiherehere, dada," Ladidi alimcheka. "Mbona mimi siitwi?"

Akaenda kwa Malam Bature, mwalimu wa dini, aliyemsomea dua, kisha akanong'ona: "Jini hilo linajilisha kwa kuitika kwako. Siku saba, likiita kutoka kitanda kile, usiitike, usisogee. Ukikosea, binti yangu, tutakuzika."

Siku sita alijikaza. Ya saba, alipotoka kuswali adhuhuri, alikuta pazia la kitanda kile limefungwa.

"Nesi... nakufa."

Furera akauma ulimi. Sauti ikaita tena, ikamtaja Mungu, ikasema kuna kichanga cha siku mbili nyumbani, na harufu iliyokuja safari hii haikuwa ya udongo, ilikuwa ya damu, damu mbichi, naye aliinusa, akaitambua, akajua kabisa kwamba jini lile halijawahi kunuka damu, na bado akaketi, akaziba masikio kwa pamba, akavuta tasbihi punje kwa punje mpaka midomo iliyokuwa ikimwita, popote ilipokuwa, ikachoka.

Ladidi akaingia akipiga miayo. "Yule mzazi anayetoka damu umeshamwona? Nimemlaza kitanda cha tisa. Nilisahau kukwambia, jamani."

Walifungua pazia. Mkono wa marehemu ulikuwa bado umeshika kitambaa cha pazia.

Furera akangoja machozi. Hayakuja. Nyuma yao mgonjwa mwingine akaomba maji, akaomba tena. Furera akaketi, akafungua kosai zake, bajia za kunde, akaanza kula.

"Furera," Ladidi akanong'ona, akirudi nyuma. "Unaitwa."

"Namsikia," alisema, akaendelea kutafuna.