Rangi ya Njano Mlangoni

Baba Kibonge alikuwa seremala. Karakana yake ilitazamana na ya mdogo wake, na kati yao palikuwa na barabara tu. Ni yeye aliyemfundisha mdogo wake kushika randa. Sasa watu walimwita mdogo huyo Msasa, kwa sababu hakuuza kiti kabla ya kukipapasa kila pembe kuona kama ni laini.

Baba Kibonge alipiga randa huku jicho moja liko ng'ambo. Kila mteja alipoingia kwa Msasa, roho ilimuuma.

"Walimu wa shule ya watoto wamekwenda kwake tena," alimwambia mkewe wakati wa kula. "Mimi hata salamu sikupewa."

"Walikusalimu. Wewe ndiye uliyegeuza uso."

Basi akatafuta kitu cha kumpita mdogo wake. Sokoni alipata rangi ya njano iliyong'aa kama jua. Muuzaji aliichota kwenye pipa na kuitia kwenye kopo lisilo na maandishi. Baba Kibonge akapaka viti viwili na kitanda cha mtoto. Viti vilinunuliwa. Kitanda alikiweka mlangoni kivute macho, na mchana binti yake Kibonge alilala humo.

Kibonge alikuwa anaota meno. Alitafuna ubao wa kitanda kutwa nzima. Mama yake alimfuta vipande vya njano mdomoni, akaona ni uchafu tu.

Siku moja redio ilisema kwamba baadhi ya rangi zina madini ya risasi, nayo hudhuru watoto. Baba Kibonge hakufikiria kopo lake. Alimfikiria Msasa, na moyo wake ukawa mwepesi. Akaenda ofisi ya viwango vya bidhaa.

"Kuna fundi mtaani kwetu," alimwambia mkaguzi. "Rangi zake siziamini."

"Umeona nini?"

"Wateja wote wanakimbilia kwake. Lazima kuna kitu."

Mkaguzi, mama mmoja mpole, alikuja na kifaa cha kupimia cha kushika mkononi. Akapima viti vya Msasa. Vyote vilikuwa salama.

"Pima tena," alisema Baba Kibonge.

Akapima tena. Majibu yakawa yale yale.

"Haya, tuvuke kwako," mkaguzi alisema. "Tukija mtaani tunapima karakana zote."

Aliweka kifaa kwenye kitanda cha njano. Akatazama kioo chake, kisha akamtazama Kibonge.

"Mtoto huyu analala hapa?"

"Ndiyo," alijibu mama yake Kibonge. "Na anakitafuna."

"Mtoe. Rangi hii ina risasi nyingi."

"Lakini anameza chembe tu," alisema Baba Kibonge.

"Hizo chembe ndizo zinazotutia hofu. Huzioni wala huzinusi. Mtoto akizimeza kila siku zinajikusanya mwilini na kuharibu ubongo unaokua. Ndiyo maana kuna kikomo: sehemu tisini katika sehemu milioni za rangi. Yako imekipita zaidi ya mara mia."

"Kwa nini wasikataze kabisa?" aliuliza mama yake Kibonge.

"Kutia risasi makusudi kumekatazwa. Lakini malighafi za rangi hutoka ardhini, na huja na chembe za risasi. Kikomo ni kidogo kiasi kwamba mwenye kiwanda hawezi kuongeza risasi bila kugundulika."

Baba Kibonge alishika karatasi ya msasa ili aikwangue rangi hiyo. Mkaguzi akamzuia mkono.

"Usikwangue. Vumbi lake ni hatari zaidi. Kifunike, tutakichukua. Sakafu ipanguse kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Na mtoto apimwe damu."

Hospitalini walikuta risasi kwenye damu ya Kibonge. Haikufikia kiwango cha kuhitaji dawa. Daktari aliwaambia wamnawishe mikono mara kwa mara, wampe maziwa, maharage na mboga za majani, kisha wamrudishe apimwe tena.

Jioni Msasa alivuka barabara akiwa amebeba kitanda kisicho na rangi.

"Kaka, nimesikia. Kibonge atalala wapi?"

Baba Kibonge alipapasa pembe za kitanda akitafuta kasoro. Hakupata hata moja. Hilo nalo lilimuuma.

"Ni mimi niliyekushtaki," alisema.

"Najua, kaka. Mtaa huu mwingine wa kunishtaki ni nani?"

Mama yake Kibonge akacheka. Baba Kibonge hakucheka. Akauliza swali gumu kuliko yote.

"Rangi yako unanunua wapi?"

"Kesho twende wote. Tunachukua kopo lililofungwa, lenye jina la kiwanda na alama ya viwango. Muuzaji akishindwa kuonyesha cheti cha vipimo, tunaondoka."

Viti viwili vya njano Baba Kibonge alivifuata kwa wenyewe, akawatengenezea vingine. Kibonge alipopimwa tena, risasi ilikuwa imepungua sana.

Wivu haukuisha. Bado jicho lilikwenda ng'ambo. Siku moja mama mmoja alisimama mlangoni akagusa kiti kipya.

"Rangi hii imepimwa?"

"Imepimwa. Cheti hiki hapa."

"Na ya yule wa ng'ambo?"

Baba Kibonge alitazama ng'ambo.

"Ya yule," alisema, "ilipimwa kabla ya yangu."