Balbu Moja Katika Mbuga ya Maji

Gurudumu la nyuma ndilo lililozama kwanza. Wilbard alikanyaga mafuta, Canter ikanguruma na kutetemeka, kisha ikateleza ubavuubavu hadi nje ya njia na kugonga kisiki kilichojificha majanini. Kitu kilipasuka chini ya gari. Mvua iliendelea kunyesha.

"Zima, Baba Klara," alisema mkewe, Theopista. "Nasikia harufu ya dizeli."

Wilbard alishuka, akachungulia uvunguni. Kisiki kilikuwa kimelipasua tangi, na mafuta yalikuwa yakimwagika kwenye udongo mweusi wa mbuga. Walijaribu kuziba kwa sabuni ya mche na matambara, lakini tundu lilikuwa kubwa kuliko ngumi. Dizeli yote iliisha huku wakiiangalia.

Wawili hao walikuwa watu wa Ushirombo. Walinunua asali kwa warina asali wa msitu ulio kusini, na kwa kuwa safari zao zilichukua siku nyingi, bodi la Canter walikuwa wamelifanya nyumba: kitanda, meza, jiko la gesi, na taa tano darini. Taa hizo waligombania msimu mzima. Theopista alitaka zote ziwe za LED, maana zile za zamani zilikuwa zinakunywa betri, na kila mara asubuhi walijikuta wakiomba watu wawasukume. Wilbard hakutaka kusikia.

"Mwanga mweupe unanifanya nijione nimelazwa hospitali," alikuwa akisema. "Tena unaita wadudu wote wa msituni."

Mwishowe alikubali ifungwe moja tu ya majaribio, juu ya kitanda. Nne zilizobaki ziliendelea kutoa mwanga wa njano.

Sasa, magoti yakiwa topeni, Wilbard aliweka jeki juu ya kipande cha ubao ili angalau wanyanyue gurudumu. Ubao ukazama upande mmoja. Jeki ikachomoka, gari likashuka, na ukingo wa chuma ukamchana mguu kuanzia chini ya goti. Alianguka chali ndani ya maji, na simu yao pekee ikaanguka pamoja naye, ikafa.

Theopista alimshika kwapani, akamburuta hadi mlangoni, akamsukumia ndani. Giza lilikuwa linaingia. Wilbard, kwa mazoea, alinyoosha mkono na kuwasha taa zote.

"Usiuangalie," alisema Theopista.

"Mguu ni wangu, nisiuangalie niangalie wa nani?"

Theopista alichemsha maji, akaweka chumvi, akaanza kuosha. Jeraha lilikuwa refu, damu ikitoka polepole bila kukoma. Alilibana kwa khanga, akalegeza, akabana tena. Kabla hajamaliza, zile taa nne zikaanza kufifia. Mwanga wake uligeuka mwekundu, kama makaa yanayoelekea kuwa majivu.

"Betri inakufa," alisema Theopista. "Na injini haina mafuta ya kuichaji. Hii ikiisha, hatuna kitu kingine."

Wilbard alizitazama taa zake. Mvua ilipiga bati.

"Zizime," alisema. "Iache hiyo yako."

Ilipobaki moja, mwanga haukupungua, ulitakata. Theopista aliinama, na ndani ya jeraha alilodhani amelisafisha akaona kipande cha chuma chenye kutu, chembamba kama mwiba wa samaki. Alikivuta kwa kibanio cha nyusi. Wilbard aliuma shuka. Kisha mkewe akampaka asali mbichi kutoka kwenye ndoo, kama mama yake alivyowatibu wao utotoni, akafunga.

Asubuhi walifungua mlango wakakuta ziwa. Mbuga yote ilikuwa imejaa, na njia haikuonekana tena. Theopista alikata fimbo, akaelekea kaskazini huku akipima kina. Maji yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Hatua iliyofuata haikukuta chini. Alirudi akitetemeka, midomo imekauka kwa baridi.

"Kuna nini huko?" aliuliza Wilbard.

"Maji."

"Na upande wa jua linakozama?"

"Baba Klara, kuna maji."

Alitandika turubai juu ya bodi, likakinga maji ya mvua ya kunywa. Walikula ugali wa jana uliokauka, wakichovya kwenye asali. Mguu ulikuwa umevimba, na mchana mwili wa Wilbard ukapata joto. Theopista alimpangusa kwa kitambaa kibichi, akasali rozari kimyakimya. Aliogopa, lakini mikono yake ilikuwa na kazi, na kazi ilimtuliza.

Jua lilipozama, Wilbard alifumbua macho.

"Ing'oe hiyo taa," alisema. "Unganisha na ule waya mrefu wa spika, upande nayo juu ya gari."

"Juu?"

"Si inaita wadudu wote wa msituni? Labda itaita na mtu."

Theopista alipanda. Wadudu walikuja kweli, wakamjaa usoni na kwenye nywele. Alifumba mdomo, akainua balbu juu ya kichwa, akawa anaifunika kwa sufuria na kuifunua. Mikono ilikufa ganzi. Alipokuwa anataka kushuka, mbali ng'ambo ya maji, tochi ikajibu.

Aliyekuja aliitwa Maganga, mchungaji aliyekuwa akitafuta ndama wake waliopotezwa na mafuriko. Alipita kwenye mgongo wa ardhi ngumu aliokuwa akiufahamu, maji yakimfika mapajani tu.

"Mwadila, mayo," alisalimia kwa lugha ya kwao, akimwita mama, kana kwamba wamekutana sokoni. "Niliona nyota imekaa chini mno. Halafu ikakonyeza."

Theopista alijaribu kuitikia salamu, akajikuta analia.

Kulipopambazuka Maganga alirudi na ndugu zake, mkokoteni na maksai wanne. Wilbard alilazwa juu ya nyasi, mkewe akatembea kando akiwa ameshika ubavu wa mkokoteni. Kufikia mchana walikuwa zahanati, na baada ya siku kadhaa mguu ukaanza kupona.

Canter ilivutwa maji yalipokauka, ikapelekwa Masumbwe kwa Aneth, yule fundi umeme aliyewafungia balbu ya kwanza. Wilbard alisimama kwa mkongojo.

"Toa za zamani zote," alisema.

"Ngoja," alisema Theopista. "Ya juu ya meza iache."

Wilbard alimgeukia. "Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Chini ya ile nyeupe ulikuwa kama maiti, Baba Klara. Nilikuwa naona jeraha vizuri, lakini uso wako niliogopa kuutazama."

Aneth alicheka. "Mama Klara, ziko za LED zenye mwanga wa njano. Zinakula umeme uleule kidogo."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?" aliuliza Wilbard.

"Shikamoo yenyewe hamkuitikia siku ile. Mlikuwa mnagombana. Ningeingilia wapi?"

Jioni Aneth alipomaliza kufunga, mume na mke waliingia ndani peke yao. Wilbard alinyoosha mguu chini ya meza. Theopista alimimina chai, akabonyeza swichi, mwanga wa njano ukajaa, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Nizime?" aliuliza baadaye.

"Iache," alisema Wilbard. "Hatuna haraka."