Mjerumani wa Nyumba Namba Kumi na Moja

"Weka chini hiyo kamba, mzee! Weka chini kabla sijakuweka chini wewe!"

Zenon alisimama katikati ya ua na uma wa nyasi mkononi, uso umemwiva. Mbele yake alikuwa Gerwin, Mjerumani wa miaka sabini, ameshika kamba ya kupimia.

"Napima kisima tu," Gerwin alijibu kwa Kipolandi chake cha kuchechemea. "Mfuniko umeoza. Nataka kutengeneza mwingine."

"Kisima cha nani?"

"Cha mama yako."

"Afadhali unajua!"

Mlango wa jikoni ukafunguka. Leokadia akatoka, mikono imejaa unga.

"Zenon! Huyo ni mgeni wangu. Kanawe, chakula tayari."

"Mgeni gani anapimapima? Mama, mwezi wa tano tunaingia Umoja wa Ulaya. Wenzake wanasubiri siku hiyo tu waje kudai nyumba. Na huyu kazaliwa humu humu ndani!"

Hapo Zenon hakusema uongo. Kijiji chetu cha Sarnia Góra zamani kiliitwa Rehberg, na kilikuwa cha Wajerumani kuanzia kanisani mpaka bwawani. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, mipaka ya Poland ikasogezwa na watu wakasogezwa nayo. Leokadia alifika akiwa na miaka kumi, yeye na mama yake, ndani ya behewa la ng'ombe. Kwao mashariki walikuwa wamefukuzwa. Wakapewa nyumba namba kumi na moja, na walipofungua mlango wakakuta wenyewe bado wamo: mjane Hedwig na mwanawe Gerwin.

Miezi minane familia mbili zikapika kwenye jiko moja. Watoto wakachota maji pamoja, wakaokota kuni pamoja, wakaugua surua pamoja. Kisha Wajerumani nao wakaambiwa wafungashe wanachoweza kubeba. Gerwin akaondoka, Leokadia akabaki. Kila mmoja akaja kuoa na kuolewa kwake, akazaa, akafiwa.

Mwaka jana, kiangazi, mzee mmoja alibisha hodi namba kumi na moja.

"Lodzia?"

Tangu mama yake afariki, hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina hilo la utotoni. Leokadia akaufungua mlango wote.

Tangu siku hiyo Gerwin akawa anakuja kila mwezi. Leokadia akanunua simu ya mkononi, dukani wakamcheka, yeye hana habari.

"Lodzia, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula peke yangu. Hakina ladha."

Ujumbe huo Leokadia aliusoma mara saba, halafu akajifanya anapangusa miwani.

Basi siku ile ya kamba, Gerwin hakutaka ugomvi. Alikula haraka, akaaga, akawahi basi. Kwenye kiti akasahau bahasha. Zenon akaifungua bila kuuliza.

"Mama! Njoo uone! Jina lake hili. Namba ya nyumba yetu hii. Na mhuri wa mwanasheria! Nilikwambia nini mimi?"

Leokadia aliitazama ile karatasi ya Kijerumani. Akachukua simu, akaandika kidole kimoja kimoja:

"Gerwin, usije tena. Nyumba hii ndiyo maisha yangu yote."

Simu ikaanza kuita papo hapo. Ikaita, ikakata, ikaita tena. Hakupokea. Mwishoni ukaingia ujumbe: "Sielewi. Nimekukosea nini?"

Wiki mbili Leokadia hakuonekana dukani wala kanisani. Mimi jirani yake nilimpelekea supu, nikaikuta kesho yake palepale nilipoiweka.

Kisha Zenon akaja. "Mama, naipeleka ile karatasi kwa mwanasheria mjini."

"Kabla haijatoka, nisomee."

"Nisome nini? Sijui Kijerumani."

"Soma herufi tu kama zilivyo, ni ndogo mno kwa macho yangu. Kusikia niachie mimi."

Zenon akamshangaa, lakini akasoma. Alijikwaa kila neno kama mbuzi juu ya barafu. Leokadia alifumba macho, midomo ikimtembea. Ghafla akamshika mkono.

"Rudia mstari huo. Polepole."

Akarudia. Machozi yakaanza kumtiririka mama yake.

"Mama, anasema nini? Anatufukuza?"

"Anasema: mimi Gerwin, niliyezaliwa katika nyumba hii, siidai nyumba wala shamba lake, na wanangu hawatadai. Anasema wenye nyumba ni Leokadia na uzao wake, waliofika hapa baada ya kunyang'anywa kwao. Amesaini, Zenon. Ameapa."

Zenon akaiweka karatasi mezani taratibu, kana kwamba imekuwa ya moto.

"Na wewe Kijerumani umekijulia wapi?"

"Hapa hapa jikoni. Mama yake alinifundisha tukimenya viazi. Baadaye ikawa aibu kukijua, nikakimeza. Hata marehemu baba yako hakuwahi kujua."

Zenon mwenyewe akaichukua simu ya mama yake.

"Haloo? Bwana Gerwin? Ni Zenon... yule wa uma."

"Ndiyo, Zenon. Mama mzima?"

"Si mzima sana. Karatasi yako tumeisoma. Njoo Jumapili."

"Mama ndiye anasema nije?"

"Mimi ndiye nasema. Na unisamehe, mzee wangu."

Jumapili Zenon mwenyewe alimpokea kituoni, akambebea begi. Leokadia alikuwa mlangoni, nywele amezisuka kama msichana.

"Mtu mzima na akili zako! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuomba unioe... samahani, nikuoe," Gerwin akababaika. "Lakini watu wangesema naoa nyumba. Nikataka nyumba itoke njiani kwanza."

"Imeshatoka. Omba sasa."

Gerwin akaanza kuinama.

"Usipige goti, mzee," Zenon akadakia. "Nani atakuinua?"

Sisi tuliokuwa uani tulicheka mpaka majirani wa ng'ambo ya kijito wakachungulia. Na Leokadia akasema ndiyo kwa lugha zote mbili.

Mwezi wa sita tulijaa ofisi ya ndoa mjini. Karani alikuwa akijaza fomu.

"Bwana harusi, mahali pa kuzaliwa?"

"Sarnia Góra."

"Bibi harusi?"

Leokadia akataja kijiji ambacho siku hizi kiko Ukraine. Karani akainua kalamu, akawatazama kwa zamu.

"Kumbe mwenyeji ni Mjerumani, na mgeni ni wewe mama?"

"Mwenyeji ni mimi," Leokadia akajibu, akimrekebishia Gerwin tai. "Huyu alizaliwa tu. Mimi ndiye niliyeishi."

"Kweli kabisa," Gerwin akasema. "Ndiyo maana nimekuja kumwomba anikaribishe."

Leokadia akamshika mkono mbele yetu sote.

"Karibu nyumbani," akamwambia.