Kiti cha Kushoto

Ilipogonga saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Everline aliufunga mlango wa nyuma wa Landrova kwa kuusukuma na nyonga, maana ulikuwa mlango wenye kiburi. Ndani mlikuwa na magunia kumi na mawili ya unga ya kupelekwa Njiru, dukani kwa Kawsar. Mvua za El Niño zilikuwa zimeikata barabara vipande vipande, na malori yalikuwa yamekwama tangu Jumatatu. Kayole nzima, gari la kufika huko lilikuwa moja tu, na ndilo ambalo hakuna mtu aliyetaka kulipanda.

"Shemeji, hilo gari linakula watu," Nyongesa alisema, akiwa amesimama mbali kidogo, mikono mfukoni. "Jumamosi naleta fundi wa gesi. Tunalikata, tunauza vyuma, mambo yanaisha."

"Na mimi nile nini? Maneno yako?"

"Si lilimuua ndugu yangu?"

"Lilimuua mume wangu," Everline akamjibu. "Na nimelifufua kwa mikono yangu hii. Hulikati."

Mumewe, Opicho, alikufa mwezi wa Mei. Walikuwa mafundi wawili, mke na mume, na gereji yao ya mabati kando ya Spine Road ilijulikana kwa kuyafufua magari makuukuu ya kupitia matope. Magari ya aina hiyo yana ada yake. Ukitaka magurudumu yote manne yavute, sharti ushuke, uiname topeni, uzungushe habu, yaani vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele, kwa mkono, moja baada ya nyingine. Opicho alishuka hivyo bondeni Njiru, jua likizama. Akafunga habu ya kulia. Alipoiinamia ya kushoto, gari likatembea likamlalia. Hapakuwa na mteremko. Breki ya mkono ilikutwa imevutwa hadi mwisho.

Tangu hapo wateja walihama. Nani ampe kazi fundi aliyegeukwa na gari lake mwenyewe? Kwa hiyo jioni hii Landrova ilikuwa iende Njiru na kurudi, watu waone, au gereji ife. Everline alilijua hilo vizuri, ndiyo maana aliwasha injini akaondoka.

Alifika bondeni mwanga ukiwa umebaki kidogo. Udongo mweusi uling'aa maji. Gari likazama hadi kwenye ekseli, likasimama.

Kimya.

Hata vyura walinyamaza.

Kisha ikaja harufu ya oili ya gia iliyoungua, imechanganyika na udongo mbichi wa kaburini. Na chini, upande wa kushoto, mtu akaanza kugonga chuma.

Ngo... ngo... ngo...

"Mama Triza..." Ilikuwa sauti ya Opicho, ya chini, ya upole. "Shuka. Shuka ufunge habu."

Machozi yalimtoka kabla hajafikiri. Mkono wake ulishafika kwenye kitasa. Miezi sita hajaisikia sauti ile! Lakini Opicho hakuwahi kumwita Mama Triza hata siku moja, hata mbele ya wakwe. Alimwita Fundi. Na huyu wa nje hakulijua hilo.

Akaurudisha mkono, na hasira ikampanda.

"Hakuna cha kufunga!" akapiga kelele. "Habu nimezing'oa!"

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki tatu alizolala chini ya gari lile, alikuwa ameziondoa habu za kuzungusha na kufunga vifuniko vya chuma vinavyoshika ekseli wakati wote. Gari lingekunywa petroli zaidi. Potelea mbali. Katika gari la Everline hakuna mtu ambaye angeshuka topeni tena.

Kugonga kukakoma.

"Nani kakwambia uzing'oe?" Sauti sasa haikuwa ya Opicho. Ilikuwa ya kizee, na ilitokea karibu kabisa na dirisha.

"Hili gari ni langu. Nani wa kuniambia?"

Akavuta wenzo wa gia nzito. Magurudumu manne yakauma tope kwa pamoja. Kitu kililishika gurudumu la kushoto, akakisikia kwenye usukani, kinavuta kama ng'ombe anayekataa kamba. Hakuachia. Inchi moja. Nyingine...

"Kama una shida na mimi, panda tuongee," akasema. "Mimi sishuki!"

Lilikuwa neno la hasira tu. Laiti angenyamaza.

Mlango wa kushoto ukafunguka. Ukafungwa taratibu. Mto wa kiti ukashuka, na gari zima likalala upande ule.

Everline hakugeuza shingo. Gurudumu la kushoto likawa huru, naye akaendesha.

Njiru, Kawsar alimkumbatia kwa furaha, na mumewe Zakariye akateremsha magunia yote. Kisha Zakariye akalizunguka gari, akapiga tochi chini.

"Dada, limelala huku kushoto. Springi imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Na ndani hamna kitu, walahi."

Everline alimshukuru, akarudi Kayole kwa njia ileile, maana nyingine haikuwepo. Njia nzima gari lililala kushoto vilevile.

Jumamosi asubuhi Nyongesa alitimiza ahadi, akaja na fundi wa gesi anayesukuma mtungi kwenye mkokoteni. Walimkuta Everline chini ya gari, anaongeza bamba moja kwenye springi ya kushoto.

"Upande mmoja tu? Wa nini?" Nyongesa akauliza.

"Nina mzigo huku. Hautoki."

Nyongesa akacheka. Akaegemea mlango wa kushoto, apate kumwonyesha fundi mahali pa kuanzia kukata. Ndani, mto wa kiti ukapanda polepole, kama mtu amenyanyuka kutazama dirishani. Gari likajinyoosha. Kisha likainama tena, safari hii likimwelekea yeye, na kioo mbele ya uso wake kikaingia ukungu wa pumzi.

Nyongesa alirudi nyuma hadi akaanguka kwenye dimbwi.

"Zii, buda," fundi wa gesi alisema, tayari ameugeuza mkokoteni. "Hiyo mimi siguzi."

Habari ilienea Spine Road nzima kabla ya saa nne. Saa sita, wachuuzi wawili walisimama ng'ambo wakiuliza kama Landrova ingewapelekea vitunguu Njiru. Hakuna gari jingine lililoweza kupita bondeni. Everline akakubali. Waliipakia wenyewe, kwa haraka, kwa nyuma tu.

Akapanda. Hakujidanganya kwamba haogopi. Alijifuta oili mikononi, akawasha injini, na kwa mara ya kwanza akageuka kukitazama kile kiti kilichobonyea.

"Haya, twende," akasema. "Lakini usukani ni wangu."