Jina la Germana

"Shuka hapo juu, Valeriani."

Valeriani alikuwa kwenye ngazi, akimalizia herufi ya mwisho kwenye ukuta wa mashine mpya ya kusaga ya Thomasi. Alipogeuka alimwona Germana amesimama chini, kanga kiunoni, ametoka jikoni moja kwa moja.

"Nani amekuambia uandike jina langu hapa?"

"Thomasi. Anasema mmeshakubaliana. Mnaoana baada ya mavuno."

Mwaka huo wa 1982 hakuna aliyepita Karatu bila kulijua jina la Germana. Hoteli yake ndogo kando ya barabara ya Ngorongoro iliitwa Germana, na makande yake ya maziwa yalikuwa matamu kiasi kwamba madereva wa watalii waliacha kuyaita makande. Walikaa tu wakaagiza, "Nipe germana na chai." Hilo lilimfurahisha. Lakini habari za kuolewa ndiyo kwanza anazisikia, tena kwa mchora mabango.

Thomasi alitoka ndani akijipangusa vumbi la unga.

"Kaka Thomasi, umepanga kunioa lini?"

"Nilikuwa nije kwenu na wazee Jumapili."

"Na nikikataa?"

"Ukatae kwa nini? Jina lako linajulikana mpaka Oldeani. Mashine ikiitwa Germana, watu wenyewe wataleta mahindi bila kuitwa."

"Mimi nakuuliza habari za ndoa, wewe unanijibu mahindi."

Thomasi alikuna kichwa.

"Basi, hata kama hutaki ndoa, jina si lingebaki tu?"

"Lifute, Valeriani."

Valeriani alilifuta kwa rangi nyeupe, moyoni akifurahi. Alikula kwa Germana kila siku na alikuwa hajawahi kumwambia neno la moyoni.

Furaha yake haikudumu. Jumamosi Leonida, shangazi yake Germana, aliyefua mashuka kwenye hoteli ya watalii huko juu kwenye kreta ya Ngorongoro, alipita kumsalimia mpwa wake.

"Mwanangu, siku hizi unachora picha?"

"Picha gani, shangazi?"

"Zinauzwa pale kazini kwetu. Tembo, faru, akina mama sokoni. Zote chini zimeandikwa Germana."

Mchana Valeriani alipokuja kula, Germana aliweka sahani mezani akakaa mbele yake.

"Picha za kule kreta ni zako?"

Valeriani aliweka kijiko chini.

"Ni zangu. Ya kwanza nilikuchora wewe ukimimina chai, nikaandika jina lako. Iliyofuata nikachora tembo, nikajikuta nimeandika jina lilelile. Nikashindwa kuacha."

"Thomasi kaandikisha ukutani, wewe kwenye turubai. Tofauti yenu iko wapi?"

"Hakuna. Nilitakiwa kukuuliza."

"Basi kula. Halafu usirudi mpaka nikuite."

Hakurudi. Germana alidhani atapumua, kumbe kila mlango ulipofunguliwa aliinua macho. Masika yalipoisha, alipanda Landrova ya dereva mmoja, akamfuata shangazi kreta.

Picha mpya zilikuwa na jina la Valeriani kwa herufi ndogo. Ile ya chai ilitundikwa peke yake.

"Hii haiuzwi," shangazi alimwambia. "Mzungu mmoja aliing'ang'ania, mwenyewe akagoma."

Germana alisogea. Valeriani alikuwa amechora hata kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wake, kovu ambalo siku zote alijitahidi kulificha kwa sweta. Pale lilikaa wazi, na yeye alikuwa mzuri nalo. Alisimama pale muda mrefu, kisha akavua sweta.

Alimkuta Valeriani parokiani, akipaka rangi madirisha ya kanisa.

"Nimekuja kukuita. Niulize ulichotakiwa kuniuliza."

"Naomba kutumia jina lako kwenye picha zangu."

"Hapana."

Valeriani aliinamisha kichwa.

"Picha zako ni nzuri," Germana alisema. "Andika lako, watu wakujue. Una swali lingine?"

Valeriani alifuta mikono kwenye suruali, polepole.

"Nikija kwenu na wazee, utanikubali?"

"Waje Jumapili. Na wawahi, baba hapendi kusubirishwa."

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Thomasi alileta unga wa sherehe, akacheza ngoma kuliko wote. Watu wakiwa bado wanakula, bibi arusi aliinuka akashika upindo wa gauni.

"Unakwenda wapi?" Valeriani alimuuliza.

"Jikoni. Nataka kuonja hayo makande waliyopika wenzangu."

"Ngoja, twende wote."

Wakaenda, wakala wakiwa wamesimama, kwenye sahani moja.