Kishikio cha Mlango wa Kushoto

Tupokigwe aliiona kasoro kabla hajafungua kopo la rangi.

Gari kuukuu huanza kuchakaa upande wa dereva. Kiwiko chake hula egemeo la mlango, pete yake hukwangua kishikio. Kwa miaka sita ya kupaka rangi ndani ya magari Tupokigwe hakuwa ameona tofauti. Lakini katika gari la mzee Bujiku mlango wa dereva ulikuwa mzima. Wa kushoto ndio uliokwisha. Kishikio chake kilikuwa kimelika hadi kwenye plastiki nyeupe, alama nne za vidole virefu kuliko vya mtu.

"Mzee, huku anakaa nani?"

"Hakuna. Naendesha peke yangu," alijibu Bujiku, mfugaji wa Usangu. Alikuwa amesimama mbali na gari lake mwenyewe.

Tupokigwe akapiga msasa, akaosha, akapuliza rangi ya kijivu, akaacha ikauke. Saa nne alama nne zilikuwa zimerudi. Akarudia. Saa sita zilikuwa zimerudi tena, na sasa ndani ya gari kulinuka maziwa yaliyochacha.

Charles, mwenye gereji, alikuja akachungulia, akashusha sauti.

"Dada Tupo, hilo ni jini. Mzee alipeleke kwa mganga wake huko Mbalizi. Mtaa mzima wa Mwanjelwa ukisikia, mimi nafunga gereji."

"Kazi nimeipokea, nitaitoa."

"Basi itoke leo. Isipotoka, kona yako nampa fundi Nashoni. Kila siku ananiambia kupuliza rangi si kazi ya mwanamke."

Kona yenyewe ilikuwa mabati manne na benchi moja. Tupokigwe alikuwa amefagia gereji ya watu miaka miwili ndipo akaipata.

"Itatoka," alisema. Akamfuata Bujiku. "Mzee, sema."

Bujiku alitazama kofia yake. "Nilikuwa natoka Iringa. Karibu na Igawa, mchana kweupe, mama mmoja akanipungia. Nikasimama, nikamfungulia mlango. Kutazama, hayupo. Nikafunga, nikaondoka. Tangu siku hiyo gari linainamia kushoto."

"Ukamfungia ndani. Halafu ukaniletea mimi bila kusema!"

"Ningesema, ungepokea?"

"Thubutu!"

"Nilidhani alama zikifunikwa, na mimi nitasahau."

Tupokigwe akarudi kuutazama mlango. Kitasa cha kufungulia hakikuwa na mkwaruzo. Anayetaka kutoka hula kitasa. Huyu alikuwa amekula kishikio tu. Hakutaka kutoka.

Safari hii alipuliza rangi nzito, na hakuiacha ikauke. Akaingia upande wa dereva, akafunga mlango, akakaa.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Loleza na kuziba vioo, kelele za soko zikafifia moja baada ya nyingine hadi akabaki anasikia pumzi yake, kisha pumzi nyingine iliyokuwa ikipishana na yake, na kiti cha kushoto kikabonyea polepole kama kinavyobonyea mtu mzito anapojiweka sawa, harufu ya maziwa ikamjaa kooni, na pale kwenye rangi mbichi likatokea bonde la kidole kimoja, kisha cha pili, cha tatu, cha nne.

"Usiguse!" Tupokigwe alifoka, kama anavyowafokea wateja wote. "Huoni haijakauka?"

Pumzi ile ikakatika.

"Umeniharibia mara tatu. Sasa umechafuka mwenyewe. Shuka ukanawe."

Alinyoosha mkono kupita juu ya kiti kile, akafungua mlango wa kushoto. Akashuka, akazunguka, akaweka bati la thina ya kuoshea rangi chini, mbele ya benchi lake. Alama za kijivu zikatokea kwenye dashibodi, kwenye fremu ya mlango, kisha sakafuni. Thina ikacheza ndani ya bati. Ikageuka kijivu. Springi za gari zikalia, upande wa kushoto ukainuka.

"Mzee, washa! Lisogeze getini!"

Hapo getini alipaka upya. Saa kumi na moja rangi ilikuwa imekauka na haikuwa na alama. Charles alikipapasa kishikio, akaitikia kwa kichwa. Bujiku akaondoka na gari lililokaa sawa.

Asubuhi Tupokigwe alifika wa kwanza. Bati la thina lilikuwa kavu. Kona nzima ilinuka maziwa yaliyochacha, na kwenye ukingo wa benchi, upande wa kushoto, rangi ilikuwa imelika hadi kwenye mbao. Vidole vinne.

Alikuwa amemwambia ashuke. Hakumwambia aende wapi.

"Vipi huko, dada Tupo?" Charles aliita kutoka getini. "Kumetulia?"

"Kumetulia, bosi."

Akatundika sweta, akachukua msasa, akaketi kwenye benchi.

"Kona hii nimeipigania na watu wanaoonekana," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe sogea huko."

Mbao zikalia kushoto kwake, kama mtu anayesogea. Tupokigwe akaanza kupiga msasa.