Waya Juu ya Mkorosho

Kila jioni, Esta alipomaliza kufagia uwanja, alitandika mkeka na kuiweka redio juu ya kigoda. Redio haikuwa yao. Ilikuwa ya kikundi cha kisomo, ikatunzwa pale kwa kuwa mama yake, Raheli, ndiye aliyefundisha kikundi hicho. Watu wakirudi kutoka shamba la ujamaa walikaa kusikiliza kipindi cha afya, kisha wakabishana juu ya vyoo na maji ya kuchemsha mpaka giza likaingia.

Wiki ile redio ilinyamaza. Mama yake akamwomba Feliciano aitazame. Feliciano alikuwa mkulima wa muhogo aliyevuka mto Ruvuma pale Kilambo akikimbia vita vya Wareno. Huko kwao aliwahi kutengeneza redio.

Esta hakumwamini. Alikaa mlangoni akijifanya anachambua mbaazi, macho yote kwenye bisibisi. Alimwona akifungua mgongo wa redio, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akang'oa vitu vidogo, akavifunga kwenye kitambaa na kuvitia mfukoni. Kisha akachomeka waya nyuma ya redio na kupanda nao juu ya mkorosho. Waya ukaelekea upande wa mtoni.

"Mjomba, umetia nini mfukoni?" Esta akauliza.

"Uchafu," akajibu bila kugeuka.

Uchafu gani unaofungwa kitambaani kama dhahabu? Esta alikwenda kisimani akamweleza rafiki yake Rehema. Rehema akasema huenda waya ule ni wa kuongea na askari wa Wareno ng'ambo. Maneno yale yalirudi kijijini yamenenepa. Jioni hakuna aliyetaka kukaa karibu na Feliciano, na Athumani, mjumbe wa nyumba kumi, akaja na mgambo wawili. Alisema kwa upole kwamba maelezo yasiporidhisha, Feliciano atapelekwa polisi Mtwara mjini. Mkewe, Ilda, alisimama pembeni na mtoto mgongoni.

"Fungua, ndugu," Athumani akasema.

Feliciano akafungua. Vitu vya ndani vilikuwepo, ila springi za betri zilikuwa zimetolewa na mahali pake pana vipande vya bati la kopo la maziwa. Akafungua na kitambaa. Springi zilikuwa humo, zimeliwa na kutu, zimejaa unga mweupe. Alieleza kwamba unga ule unaunguza, hakutaka kuku waudonoe. Akaonyesha pia kipande cha mwanzi alichokipasua na kupanga betri zilizochoka kwa mstari, ili nguvu zao chache zijumlike. Akaiwasha redio, kisha akauchomoa waya, sauti ya Dar es Salaam ikafifia. Akaurudisha, ikasikika vizuri.

"Redio hii ina sikio tu," akasema. "Mdomo haina."

Watu wakacheka kidogo. Mgambo mmoja hakucheka. Akauliza nani ajuaye kama si yeye mwenyewe aliyeziharibu hizo springi. Feliciano akajibu kwamba betri ziliachwa juani mno zikavuja, zikarudishwa ndani zikiwa zimelowa.

"Nani aliyeona hayo?" mgambo akauliza.

Esta alijua jibu. Nyumba zote zilianika betri ili zipate nguvu, na za redio ile alizianika yeye. Jumapili alizisahau juani mpaka zikatoa maji. Alimtazama Ilda, ambaye sasa alikuwa anakaza kanga ya mtoto kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Mimi," Esta akasema. "Nilizikuta zimelowa, nikazifuta kwa gauni, nikazirudisha. Sikumwambia mtu."

Athumani akasema maelezo yametosha, akaondoka na mgambo wake. Feliciano akamwambia Esta kwamba waya ukianguka atapanda yeye, maana magoti ya mjomba yamechoka na mkorosho.

Mama yake hakumchapa.

"Betri ni ajali, mwanangu," akasema. "Ila uliona nusu ya jambo ukalisema zima, na nusu uliyoijua ukaificha. Mtu alikaribia kufungwa kwa hilo. Usilolijua, uliza mpaka ulielewe. Unalolijua, liseme mapema. Sasa, yale maneno uliyapeleka kisimani kwa miguu yako, kayarudishe kwa miguu hiyo hiyo."

Asubuhi Esta alichukua ndoo, akapitia kwa Ilda kumwomba radhi, wakaenda kisimani pamoja.